Kuku Sita wa Orlena Gayheart

Estill Gayheart alirudi nyumbani jioni ile akiwa na mnyororo wa nyumbu mkononi, na mnyororo ulikuwa umelowa. Orlena alidhani ni maji ya kijito. Aliupokea kama alivyozoea kupokea kila kitu alichokuja nacho mumewe, kisha akatazama viganja vyake akaona ni vyekundu.

"Weka maji motoni," Estill alisema. "Nimempata yule mbweha wako."

Aliketi mezani bila kuvua buti, akavuta sahani ya maharage na kumega mkate wa mahindi. Mama yake, ambaye siku zote alikaa karibu na moto akiwa na ugoro chini ya mdomo, aligeuza kiti ili asikie vizuri.

"Mbweha gani?" Orlena aliuliza.

"Yule uliyesema kawala kuku wetu sita nilipokuwa kule chini mtoni nikipeleka magogo. Ana miguu miwili. Anavaa suruali, anaitwa Lige Napier." Estill alitafuna kwa utulivu. "Nimepita uani kwake nikawaona. Kila kuku kidole cha nje kimekatwa, mguu wa kushoto. Alama ya nani hiyo?"

"Yako."

"Yangu. Nikamwuliza kwa mdomo amewapata wapi. Akanyamaza. Nikamwuliza tena kwa mnyororo."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Mwizi wa kuzaliwa yule. Meno yametoka, maneno hayakutoka."

"Yu hai?"

"Nilipoondoka alikuwa anapumua. Niongeze maharage."

Orlena aliongeza maharage. Upawa uligonga ukingo wa sahani, naye akaushika kwa mikono miwili ili usigonge tena. Mama mkwe alitema ugoro kwenye moto, majivu yakalia, akasema, "Kuku hurudi kulala kwao."

Katika bonde la Turkeypen, huko milimani Kentucky, maneno hayo yalisemwa kama mahali pengine watu wanavyosema amina. Kila nyumba ilifuga kuku. Asubuhi kuku walitawanyika hadi msituni, wakala wadudu, wakavuka vijito, na mtu angeweza kudhani wamepotea kabisa. Jua likishuka nyuma ya mlima, mmoja mmoja walirudi kwenye banda lao na kupanda juu ya mti wao wa kulalia. Watu wa Turkeypen waliamini kwamba ubaya wa mtu hufanya hivyo hivyo: anaufungulia asubuhi, unatembea, na jioni unamkuta mlangoni. Ni sawa na kusema malipo ni hapa hapa duniani, ila wao waliyavisha manyoya.

Orlena aliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa kuweza kubeba ndoo moja. Baba yake, Hiram, alimpiga mtu kwa jembe kwa sababu ya mpaka wa shamba. Ndugu wa mtu yule wakamvizia Hiram kwenye kinu cha kusagia mahindi, wakamtoboa jicho. Walipokuwa wakiondoka mmoja wao alisema, "Kuku hurudi kulala kwao, Hiram." Kaka yake Orlena akaenda akamchoma kisu yule aliyesema. Naye alisema maneno yale yale, kisu kikiwa bado mkononi. Na kaka huyo alipokutwa siku moja chini ya jabali, shingo imevunjika, mhubiri aliyasema tena juu ya kaburi, kwa sauti nzuri, watu wakaitikia kwa vichwa.

Kadiri alivyokua ndivyo Orlena alivyoona jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika bonde lile aliyewahi kukiri kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango wa banda. Kila aliyepiga alikuwa anarudisha tu. Kila aliyechoma nyumba alikuwa anamfikishia mwenyewe kuku wake.

Mlango wa mama yake ndio uliomfundisha zaidi. Orlena alitoroka na Estill akiwa msichana mdogo, kinyume cha ushauri wa nyumba nzima. Majira ya baridi ya kwanza Estill alimvunja mkono kwa kuubana kwenye ubavu wa kitanda, kwa sababu kahawa ilikuwa imepoa. Orlena alivuka mlima katika theluji, mkono umening'inia, akabisha hodi kwao. Mama yake alifungua mlango upana wa uso tu.

"Kuku hurudi kulala kwao, mwanangu," alisema. "Na kwako sasa ni kule."

Akarudi kule. Mkono uliunga wenyewe, ukaunga kombo.

Miaka ilipita hivyo. Estill hakuwa mtu wa kulewa wala mvivu, alifanya kazi kama nyumbu wake, na alipiga vilevile, kwa bidii na bila kelele. Majira ya kuchipua yaliyotangulia alimpiga Orlena teke la mbavu hata akashindwa kuinuka sakafuni. Estill aliposhuka mtoni na magogo, jirani yao Vesta Napier, mke wa Lige, alivuka kivuko kuja kuazima chumvi, akamkuta Orlena amejilaza kando ya jiko. Hakuuliza. Alipasua shuka, akamfunga mbavu, akamkamulia ng'ombe, akampikia, akarudi kesho yake na keshokutwa, hadi Orlena alipoweza kupumua bila kuhesabu pumzi.

"Mwenzangu," Orlena alimwambia, "nikupe nini?"

"Nyamaza. Nani kaomba?"

Lakini kila mtu alijua kwamba mbweha amewamaliza kuku wote wa Vesta na kwamba watoto wake hawajaonja yai tangu theluji iyeyuke. Kwa hiyo Orlena alikamata matetea sita, akawatia gunia, akavuka nao kivuko. Alimwonya Vesta awafungie ndani siku nyingi, mpaka wasahau kwao. Estill aliporudi na kuuliza, Orlena alimjibu neno moja: mbweha. Lilikuwa neno jepesi na lililoaminika.

Sasa neno hilo lilikuwa limemvunja Lige Napier meno.

Siku ya pili baada ya kipigo, Orlena alichukua ndoo akaenda chemchemi, akijua Vesta huchota maji saa hiyo. Vesta alikuwapo, amepiga magoti, anafua shati ambalo halikuwa tena na rangi yake. Hakugeuka.

"Anaendeleaje?" Orlena aliuliza.

"Hana meno ya mbele. Jicho moja silioni lilipo. Anakojoa damu." Vesta aliukamua mkono wa shati. "Zaidi ya hapo ni mzima, asante."

"Kwa nini hakusema? Angesema tu, mkeo kanipa."

Vesta akageuka sasa. "Unamjua mumeo au humjui? Lige aliwaza, nikisema, huyu anakwenda nyumbani na mnyororo huu huu. Akafunga mdomo. Si mimi niliyemwambia aufunge. Mimi ningesema, Orlena. Usinidhanie mtakatifu. Ningepiga kelele jina lako mpaka huko mjini."

Maji ya chemchemi yaliendelea kumwagika juu ya ndoo iliyokwisha kujaa.

"Creed anapaka bunduki mafuta," Vesta aliongeza. Creed alikuwa mdogo wake Lige, mtu wa mdomo na risasi. "Hakimu kawazuia mpaka kesho. Kasema kuku wenyewe wataamua."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Turkeypen kabla sheria yoyote haijaandikwa. Kuku wanaogombaniwa hutiwa katika tenga na kupelekwa kati ya nyumba mbili jua likizama. Tenga hufunguliwa. Watakakokwenda kulala ndiko kwao, na hakuna rufaa. Wanaume hawaruhusiwi kulifungua, maana hakuna mwanamume aliyemwamini mwenzake, na buti huwatisha kuku. Hufunguliwa na mwanamke wa nyumba inayolalamika, mwanamke wa nyumba ya pili akiwa amesimama karibu akitazama.

"Umewafungia siku ngapi?" Orlena aliuliza.

"Nyingi. Kisha nikawaachia. Wengine walikuwa wakivuka mto na kurudi. Sijui watakwenda wapi, na wewe hujui."

Orlena alibeba ndoo akapanda mlima akiwaza. Kuku wakienda kwa Gayheart, Lige ni mwizi mbele ya bonde zima, familia yake itafukuzwa bondeni kabla ya baridi, na Creed hatakubali kutoka bila kumwaga damu. Wakienda kwa Napier, Estill hatakubali kwamba alimpiga mtu bure. Atasema wamerogwa, atasema wamefungiwa, kisha atainua bunduki. Njia zote mbili zilikuwa na maiti mwishoni. Ya tatu ilikuwa kusema. Lakini alijua wanaume wangejibu nini: mwanamke ameingiwa na hofu, tuwaache kuku waseme. Katika bonde lile kuku aliaminika kuliko mwanamke. Maadamu kuku wale wana miguu, hakuna ambaye angemsikiliza yeye.

Siku iliyofuata, jua lilipoanza kugusa mlima, watu walikusanyika kivukoni. Akina Napier walisimama ng'ambo, bunduki zimelazwa mikononi kama watoto wachanga. Akina Gayheart walisimama upande huu. Hakimu Sizemore, mzee mnene aliyekuwa na mahindi yake mwenyewe ya kuvuna, aliketi juu ya nyumbu wake katikati ya maji, mahali penye kina cha kifundo cha mguu, na kando yake juu ya jiwe pana palikuwa na tenga.

"Estill," Creed alipaza sauti kutoka ng'ambo, "umekuja na ule mnyororo, au leo unapigana na watu waliosimama?"

"Kaka yako alikuwa amesimama nilipoanza," Estill akajibu.

"Nyamazeni nyote wawili," hakimu alisema. "Nina njaa. Wanawake, njooni."

Orlena aliingia majini. Vesta aliingia kutoka upande wake. Walikutana kwenye jiwe, macho yao hayakukutana. Nyuma yake Orlena alimsikia mama mkwe akiwaambia wanawake wengine, "Subirini tu. Kuku hurudi kulala kwao."

Orlena alifungua tenga kiasi cha kuingiza mkono. Alimshika tetea wa kwanza miguu, akamtoa, akashika shingo chini ya kichwa, akavuta na kuzungusha kama alivyofanya kila Jumapili ya maisha yake. Mifupa ililia. Alimweka juu ya jiwe, mabawa yakapigapiga peke yake. Watu walidhani amekosea. Alipomtoa wa pili na kufanya vilevile, nyumbu wa hakimu alirudi nyuma.

"Anafanya nini huyo?" mtu aliuliza.

"Orlena," Estill alisema polepole. "Orlena, wewe."

Alimaliza wa tatu na wa nne. Damu ya mdomo wa kuku ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Vesta alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Wa tano alimparura kifua, naye akamvunja shingo kwa nguvu kupita kiasi, kichwa kikabaki mkononi. Wa sita alikuwa yule mweusi mwenye kishungi, aliyekuwa akitaga kila siku. Huyo alimbana kidogo kifuani kabla ya kumnyonga.

"Sasa hawaendi kokote," alisema, na sauti yake ilifika pande zote mbili. "Itabidi mnisikilize mimi. Mbweha hakuja. Lige hakuiba. Niliwatoa mimi kwa mkono wangu, nikawapeleka kwa Vesta kwa sababu alinifunga mbavu. Mbavu alizivunja huyu hapa. Lige aliyajua yote hayo. Alipigwa akiyajua, na akanyamaza ili nisiuawe mimi."

Hakimu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Kisha Creed alicheka. Kicheko hicho hakikuwa na furaha ndani yake. "Jamani, Estill. Umempiga mtu mpaka akakojoa damu kwa ajili ya zawadi ya mkeo. Nenda nyumbani ukautandike na mti wa kulalia, nao una makosa."

Wengine walicheka pia, hata upande wa Gayheart. Estill angeweza kuvumilia kuchukiwa. Kicheko hakukizoea. Aliingia majini kwa hatua ndefu, akampiga Orlena taya kwa kitako cha bunduki. Orlena alisikia mfupa ukikatika ndani ya kichwa chake, sauti ile ile ya shingo za kuku, akaanguka kando ya jiwe, nusu ya uso majini. Juu yake aliona buti za mumewe zikigeuka. Mitutu miwili ya bunduki ilikuwa inatafuta kicheko kilikotokea.

Alimkumbatia mguu kwa mikono yote miwili, akavuta. Mtutu wa kwanza ulilipuka Estill akiwa anaanguka. Creed alilia kama mnyama, akainua mkono wake wa kushoto akautazama: vidole viwili havikuwapo.

Akina Napier walivuka mto mbio. Waliweka bunduki chini ili wawe na mikono mitupu. Walimpiga Estill kwa buti na kwa mawe ya mtoni, ndugu zake wakisita ukingoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika tena nani amemkosea nani. Creed alikuja wa mwisho, mkono umebanwa kwapani, damu inamwagika ubavuni. Kila alipopiga teke alisema, na kila neno lilikuwa na teke lake. "Kuku. Hurudi. Kulala. Kwao. Estill."

Orlena aliyasikia akiwa ameshika jiwe, mdomo umejaa damu na vipande. Ilikuwa sauti ya watu wa kinuni na ya kaka yake, ilikuwa sauti ya mhubiri pale kaburini. Alijua kesho yake. Estill angekufa hapa majini, ndugu zake wangeacha kusita, nyumba ya Vesta ingeungua, na mtu angesimama mbele ya moto akayasema tena. Hakumhurumia mumewe. Alikuwa amechoka na kesho hiyo.

Bunduki ya Estill ilikuwa imeegemea tenga, mtutu wa pili bado una risasi. Aliichukua, akapiga magoti, akaielekeza kifuani kwa Creed. Alitaka kusema basi, taya lilikataa, ikatoka sauti isiyo na umbo. Wachache waligeuka. Creed hakugeuka. Orlena akainyanyua mitutu kidogo, akafyatua. Tawi zima la mkuyu lilipasuka juu ya vichwa vyao, likawaangukia na majani na viota.

Walisimama. Orlena alibaki magotini, ameielekeza bunduki tupu kwa Creed, na jicho lake lilimwambia Creed kwamba angejaza nyingine kama angekuwa nayo.

"Huyo huyo aliyekuvunja?" Creed aliuliza, akihema.

Orlena aliitupa bunduki kwenye kilindi kilichokuwa chini ya kivuko. Kisha alinyoosha mkono akawaonyesha ndugu za Estill mwili uliokuwa ukikoroma majini, akawaonyesha na njia ya nyumbani. Waliingia, wakamwinua, mmoja kwapani na mwingine miguuni. Alikuwa hai. Goti lake liligeukia upande ambao goti haligeukii.

"Shauri limekwisha," hakimu alisema. "Lige Napier si mwizi. Mwenye neno jingine aje kwangu asubuhi bila silaha."

Watu walianza kuondoka bila kuagana. Mama mkwe alikuwa bado ukingoni, shali kichwani.

"Orlena," aliita. "Giza linaingia. Nani atamwosha mumeo? Njoo nyumbani."

Orlena alimtazama. Halafu aliwaokota matetea wake kutoka juu ya jiwe, watatu mkono huu, watatu mkono ule, vichwa vikining'inia, na yule asiye na kichwa akiwa miongoni mwao. Akavuka kwenda ng'ambo. Vesta alimshika kiwiko pale maji yalipokuwa na nguvu.

Nyumbani kwa Napier waliwanyonyoa wawili usiku ukiwa haujaingia vizuri, kwa sababu nyama haingoji. Vesta alimfunga Orlena taya kwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, mafundo yakasimama juu kama masikio ya sungura. Lige alikuwa kitandani, uso wake umevimba hata haukujulikana ni wa nani. Supu ilipochemka Vesta aliichuja mara mbili, akawapa kila mmoja bakuli, maana hakuna kati yao aliyeweza kutafuna.

Lige aliivuta kidogo kidogo kwa pembe ya mdomo. "Dada," alisema, na maneno yalipita kwa upepo mahali meno yalipokuwa, "ungeyasema juzi, leo ningekula na paja."

Orlena alitikisa kichwa ili asicheke, maana kucheka kuliuma. Machozi yalimtoka hata hivyo, yakaingia kwenye kitambaa.

Creed alikuwa ameketi kizingitini, mkono umefungwa kama tonge, bunduki ya kaka yake magotini, akiitazama njia ya kivukoni. Vesta alikuwa na mtoto mkononi, kwa hiyo Orlena ndiye aliyeinuka, akajaza bakuli la tatu, akampelekea. Creed aliliangalia bakuli, akamwangalia mwanamke aliyemwelekezea bunduki.

"Sijakusamehe," alisema.

Orlena aliendelea kulishika bakuli mbele yake. Mvuke ulipanda kati yao. Mkono wake, ule uliounga kombo, ulianza kuchoka, lakini hakuushusha. Mwishowe Creed aliiegemeza bunduki ukutani ili apate mkono wa kupokelea.